Kisa, Dansi, Kioja au Maneno Matupu: Wimbo Wako Upigiwe Video Gani?

Wimbo umeshatoka studio. Prodyuza kalipwa, kava liko tayari, na dairekta anauliza: "Tunapiga kitu gani?" Msanii mchanga karibu kila mara hujibu, "Kisa, kaka. Tuigize kama wimbo unavyosema." Jibu hilo linaonekana la busara kwa sababu halimlazimu mtu kubuni chochote: mistari ipo, igizeni mistari. Ndilo pia jibu ghali kuliko yote, na mara nyingi ndilo linaloufaa wimbo kidogo kuliko yote.

Mwaka 1992 mwanazuoni Andrew Goodwin, aliyeandika sana kuhusu televisheni ya muziki, aligawa uhusiano wa video na wimbo katika mafungu matatu: video inayoonyesha kile maneno yanachosema, video inayoongeza juu ya maneno, na video isiyojali maneno kabisa. Mgawanyo huo bado unafaa. Ila mwenye bajeti ya siku moja ya kamera hachagui nadharia, anachagua kati ya vitu anavyoweza kulipia, navyo kwetu ni vinne: kisa, dansi na uimbaji, kioja (picha zinazoenda njia yake), na video ya maneno (mistari ikitembea kwenye skrini). Nitavilinganisha kwa swali moja tu: wimbo wako umeacha nini bila kusemwa? Hapo ndipo video inapopata kazi.

Kisa kinapendeza pale wimbo usipokuwa nacho

Tuanze na nyimbo zenye hadithi kamili. "Starehe" ya Ferooz na Professor Jay ilipovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyeisikia redioni hakuhitaji televisheni. Mgonjwa anasimulia anasa zake na majuto yake, na msikilizaji anajichorea mwenyewe kitanda, chumba, ndugu waliokaa pembeni. Bongo Fleva ya wakati ule ilijaa nyimbo za namna hiyo kwa sababu redio ndiyo iliyokuwa jukwaa, kwa hiyo picha zote zilipaswa kukaa ndani ya mistari. Ukichukua wimbo kama huo ukauigiza mstari kwa mstari, unampa mtazamaji kitu alichonacho tayari, tena kikiwa kimechujuka. Mama aliyekuwa mama yake yeye kichwani, sasa ni mwigizaji asiyemjua aliyevaa kitenge cha kuazima.

Ndiyo maana video nyingi za visa zinachosha hata zikipigwa kwa kamera nzuri. Mwimbaji akitaja mvua, mvua inanyesha. Akitaja simu, simu iko mkononi. Akisema "moyo", kiganja kiko kifuani. Mtazamaji anajua kinachofuata kabla hakijafuata, na akishaitazama mara moja hana sababu ya kurudi.

Geuza sasa. Chukua wimbo wenye hisia usio na matukio. "Take On Me" ya a-ha, kundi la Norway, ni ombi tu la mtu anayetaka kupendwa. Hakuna mahali, hakuna majina, hakuna kinachotokea. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1984 ukiwa na video ya kawaida ya wanamuziki wakiimba, na haukufika mbali. Mwaka 1985 ukarekodiwa upya, na dairekta Steve Barron akaupa kisa ambacho hakimo katika mstari hata mmoja: binti amekaa mgahawani anasoma kitabu cha katuni, mkono uliochorwa kwa penseli unatoka ukurasani na kumvuta ndani. Wachoraji walichora kwa mkono fremu zipatazo 3,000 juu ya picha za kamera, kazi ya wiki 16. Si haki kusema video peke yake ndiyo iliyoubeba wimbo, maana hata sauti ilikuwa imetengenezwa upya. Lakini tazama jinsi kisa kile kilivyokaa: wimbo ulikuwa na nafasi wazi, nacho kikaingia humo bila kusukumana na maneno.

Kisa kikiwa kikubwa mno, wimbo ndio unaokatwa. Katika "Thriller" ya Michael Jackson iliyotoka Desemba 1983, filamu ya John Landis ina karibu dakika 14, na wimbo haukubaki ulivyo kwenye santuri. Beti zilipangwa moja baada ya nyingine bila kiitikio, kikafuata kipande kirefu cha dansi, na viitikio vikasogezwa mwishoni. Kwa Michael Jackson hilo lilikubalika kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaijua albamu kwa mwaka mzima. Msanii ambaye wimbo wake unasikika kwa mara ya kwanza kupitia video hiyo hiyo hana ruhusa ya kuficha kiitikio chake hadi dakika ya tano.

Gharama zenyewe unazijua: waigizaji, lokesheni tatu au nne, nguo za kubadilisha, chakula cha watu 20, na mtu wa kukumbuka kwamba kwenye picha ya asubuhi saa ilikuwa mkono wa kushoto. Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti. Kila tukio unaloliongeza linakuwa kauli yako, hata kama wimbo haukulisema. "Mtasubiri" ya Diamond Platnumz na Zuchu ni wimbo wa wapenzi wanaowaambia wanaongoja waachane kwamba watangoja sana. Hakuna kanisa ndani ya maneno hayo. Video ndiyo iliyoweka kanisa: wapenzi wanaacha ibada na kwenda kwenye mambo yao. Mwaka 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ikaagiza video isionyeshwe kwenye vyombo vya habari kwa sababu ya kipande hicho. Mzozo wote ulitokana na picha. Msanii mkubwa anaweza kuupitia mkasa kama huo na hata ukamwongezea watazamaji. Wewe uliyekopa pesa ya kukodi kamera, fikiria mara mbili kabla ya kuingiza nyumba ya ibada, sare za polisi au wanafunzi wenye sare ndani ya wimbo wa mapenzi.

Dansi na uimbaji: kinachodharauliwa bure

Kuna ulinganisho ambao ningewaonyesha wasanii wote kabla hawajalipa malipo ya awali. Oktoba 2008 Beyoncé alitoa nyimbo mbili kwa pamoja, "If I Were a Boy" na "Single Ladies". Dairekta wa video zote mbili ni Jake Nava. Zote ni nyeusi na nyeupe. Ya kwanza ni kisa: mke ni askari polisi anayerudi nyumbani anapotaka na kumpuuza mumewe, kisha mwishoni majukumu yanageuzwa na tunagundua nani hasa alikuwa akimtendea nani hivyo. Ni kisa cha maana, kwa kuwa hakirudii mistari. Kinaupindua wimbo halafu kinaurudisha. Ya pili haina kisa chochote. Wanawake watatu, ukuta mtupu, taa zinazobadilika, mikato michache, na hatua zilizochotwa kwenye dansi ambayo Bob Fosse, mbunifu wa dansi wa Marekani, aliibuni miaka ya 1960. Mwaka uliofuata, tuzo ya Video ya Mwaka ya MTV ilikwenda kwa ile ya ukuta mtupu, na ndiyo iliyoigwa sebuleni na harusini kila pembe ya dunia.

Sababu naiona hivi. "If I Were a Boy" unaitazama. "Single Ladies" unaweza kuifanya. Wimbo wa dansi umeacha kitu kimoja bila kusema, nacho ni mwili ufanye nini, na video inajibu swali hilo basi. Sauti Sol walilielewa hilo mwaka 2014 na "Sura Yako": wimbo ni wa kumsifu mpenzi, lakini kilichosambaa Afrika Mashariki nzima ni lipala, hatua ambazo hata shangazi asiyejua jina la wimbo aliziweza kwenye sherehe.

Makosa ya madairekta wetu kwenye video za dansi ni ya kuhariri. Wanalipa madansa wanane, wanawafanyisha mazoezi wiki nzima, halafu wanakata picha kila sekunde: kiuno, kiatu, mnyororo, droni juu, kiuno tena. Dansi haionekani. Kama unataka watu wakuige, waonyeshe mwili mzima kuanzia kisigino hadi kichwa, kwa muda wa kutosha jicho kushika hesabu. Na uache nafasi, kwa sababu dansi inayobeba wimbo huenda isiwe yako. "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode ilikuwa na video yake rasmi tangu mwishoni mwa 2019. Hatua zilizoenea duniani mwaka 2020 hazikutoka humo. Zilitoka kwa kundi la Angola, Fenómenos do Semba, waliojirekodi wakicheza uani huku sahani za chakula ziko mkononi.

Uimbaji bila dansi nao una nguvu yake, hasa kama mtaji wako ni sauti. "Nothing Compares 2 U", wimbo ulioandikwa na Prince na kuimbwa na Sinéad O'Connor, ulipigiwa video na John Maybury mwaka 1990, na sehemu yake kubwa ni uso tu, karibu, ukikutazama. Machozi yalipomtoka hayakuwa yamepangwa. Kuna vipande vya matembezi katika bustani huko Ufaransa, lakini nani anavikumbuka? Uso ukiweza kubeba dakika nne, lokesheni ya pili ni kupoteza pesa. Onyo tu: hapa hakuna pa kujificha. Pleibeki ikisomeka mdomoni, yaani midomo ikichelewa au shingo ikiwa imelegea wakati sauti iko juu, kila mtu anaona. Imba kweli, kwa nguvu, hata kama maikrofoni haijaunganishwa popote. Ukitaka mwendo wa pole pole na midomo iendane, chezesha wimbo kwa kasi maradufu wakati wa kupiga, kamera ikiwa fremu 50 kwa sekunde, kisha picha zirudishwe kwenye 25. Ufanye mazoezi mapema, kuimba kwa kasi hiyo kunachekesha.

Kwaya zimekuwa zikijua habari hii muda mrefu kuliko sisi wa Bongo Fleva. Sare moja, bustani, hatua mbili kulia hatua mbili kushoto, na kila sauti inaonekana inakotoka. Watu hucheka video za kwaya kwamba zote zinafanana. Zinafanana, ndiyo, lakini mtazamaji wa kwaya anatafuta ujumbe na upatanifu wa sauti, na ile picha tulivu haimwondoi huko.

Taarab ndiyo inayonisumbua zaidi. Siku hizi wimbo wa taarab ya kisasa unaletwa kwa dairekta wa Bongo Fleva, naye anaufanyia kama alivyozoea: jumba, gari, mwanamume na wanawake wawili wanagombana. Huo ni msiba. Wimbo wa taarab ni fumbo. Umeandikwa makusudi ili usiseme unamsema nani. Ukiigiza, umelifumbua, na kila aliyekuwa anauchukua wimbo kumpelekea jirani yake anakuta umeshakuwa wa watu wengine. Halafu kuna kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti. Ukumbini, mama anaponyanyuka kwenye ubeti fulani, si ule wa kabla wala wa baada, akaenda taratibu mpaka mbele na noti juu, akageuka kidogo upande fulani wa ukumbi, yeye ndiye anayekamilisha maana. Video ya taarab iliyopigwa ukumbini, kamera moja kwa mwimbaji na nyingine kwa wanaotunza, inazidi kisa chochote cha jumba la kukodi. Kama kuna aina ya muziki wetu ambayo chaguo lake liko wazi kabisa, ni hii.

Kioja: video inayoenda njia yake

Machi 2010 kundi la Just a Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Wimbo ni wa kielektroniki, maneno machache, wa kuchezeka. Video ni kichekesho cha filamu za mapigano za miaka ya 1970: jamaa mwenye nywele za afro anaingia, anawashikisha adabu wahuni, anamwokoa msichana, na jina lake ni Makmende, jina ambalo mitaa ya Nairobi ilikuwa ikimpa anayejifanya shujaa. Ndani ya siku chache Wakenya wakajaza mtandao kwa utani wa Makmende na picha zake kwenye noti na majalada ya magazeti, mpaka vyombo vya habari vya nje vikaandika habari zake.

Hapo ndipo pana faida na hasara kwa pamoja. Makmende alikuwa maarufu kuliko wimbo, na nina hakika wengi waliokuwa wakisambaza utani wake wasingeweza kuuimba wimbo wenyewe. Kwa Just a Band hilo halikuwa tatizo, kwani wao ni wasanii wa picha sawasawa na muziki. Kwa mwimbaji anayetaka aalikwe kwenye tamasha watu waimbe naye, ni tatizo.

Aina nyingine ya kioja ni ya kupingana. "Hey Ya!" ya OutKast, 2003, ina mdundo wa furaha na maneno ya uhusiano unaokufa, André 3000 analalamika humo humo kwamba wasikilizaji hawataki kumsikia, wanataka kucheza tu. Dairekta Bryan Barber akaweka wanamuziki wanane, wote wakiwa André mwenyewe, mbele ya mabinti wanaopiga mayowe. Video inafanya kile kile ambacho maneno yanakilalamikia. "This Is America" ya Childish Gambino, 2018, chini ya Hiro Murai, inaenda mbali zaidi: mbele watu wanacheza, nyuma vurugu na vifo, na jicho lako linanaswa na dansi kama ilivyokusudiwa. Usikilize wimbo huo peke yake redioni, utauona umepungua nusu.

Chagua njia hii kama tu unaweza kusema kwa sentensi moja ni kwa nini picha inapingana na wimbo. "Ili iwe tofauti" haitoshi. Nimeona video za mapenzi zenye farasi, moshi wa rangi na vinyago, na mwishoni sikujua vinyago vile vilimaanisha nini, wala nadhani dairekta alijua.

Maneno matupu

Hii nitaipitia haraka kwa kuwa kazi yake ni moja. Kama nguvu ya wimbo iko kwenye mistari, kama hip hop yenye vina vilivyofungana au mashairi yenye mafumbo, basi maneno yanayotembea kwenye skrini yanatosha kwa mwezi wa kwanza. Bob Dylan alifanya hivyo mwaka 1965 kwa kadi za karatasi kwenye uchochoro London, akizidondosha moja baada ya nyingine. Kwetu ina faida ya ziada: msikilizaji wa Bukavu, Kampala au Bujumbura anayekijua Kiswahili cha kwao anapata kufuata misemo ya Dar es Salaam, na wa Dar anapata kuisoma Sheng ambayo sikio limeikosa. Sharti ni tahajia. Kosa moja la "r" na "l" kwenye kiitikio litazungumzwa kwenye maoni kuliko wimbo wenyewe.

Tatizo ni moja: haikuonyeshi. Kama sura yako haijulikani, video ya maneno inautangaza wimbo na kumwacha mwenye wimbo.

Sasa, upige ipi?

Fanya jaribio kabla ya kukutana na dairekta. Mpe mtu asiyekujua asikilize wimbo mara moja akiwa amefumba macho, kisha mwambie akueleze alichokiona. Akikusimulia watu, mahali na matukio, wimbo una kisa tayari: piga uimbaji, uso na sauti. Akikwambia alihisi huzuni au furaha lakini hakuona chochote, hapo kisa kina nafasi, nacho kiwe kimoja, kifupi, chenye lokesheni moja. Kama hakusema lolote ila kichwa kilikuwa kikitikisika, weka pesa zote kwenye mwalimu wa dansi. Akiomba kuusikia tena ili ashike mstari fulani, anza na video ya maneno.

Bajeti nayo inaweza kuamua badala yako, na hilo si balaa. Ethic wa Umoja, Nairobi, walipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018 hawakuwa na jumba wala magari ya kifahari. Walipiga mtaani kwao wakiwa na marafiki zao, na sura ile ya mtaa ikawa ndiyo sura ya gengetone nzima, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi. Gari la kukodi lingewaharibia.

Ukibaki njia panda kati ya kisa na uimbaji, piga uimbaji kwanza, wimbo wote kutoka mwanzo hadi mwisho, angalau mara tatu, jua likiwa bado zuri. Vipande vya kisa vifuate baadaye siku hiyo. Kisa kikiharibika, mvua ikinyesha au mwigizaji asipotokea, bado una video kamili mkononi. Kinyume chake hakiwezekani. Na kwenye makubaliano andika kwamba utapewa mafaili ghafi, yaani picha zote kabla ya kuhaririwa, pamoja na toleo la wima, kwa sababu sekunde 15 zitakazokupa wasikilizaji TikTok huenda zikawa zile ambazo mhariri alizitupa.